Ruzuku ya Mbolea Ilipie na Gari la Samadi

Msimu wa machungwa unapowadia wilayani Muheza, malori huegeshwa kando ya barabara ya Segera na Tanga yakapakiwa matunda ya kwenda Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na kila aliye na fungu katika biashara hiyo, mkulima na dalali, mchumaji na mpakizi, mwenye gari na mwenye duka, huifanya hesabu yake kwa uangalifu usiosamehe hata senti. Ila iko hesabu moja isiyokuwa na mwenyewe, nayo ni ya kile kilichotoka ardhini ndani ya matunda hayo kikaenda zake kisirejee. Waliopima wamekuta kwamba tani moja ya machungwa huondoka shambani na naitrojeni ya kilo moja na ziada, wakati mwingine karibu kilo mbili, na potasi ya kadiri hiyo au kuizidi. Lori la tani 10, basi, hubeba naitrojeni ipatayo nusu ya ile iliyomo katika mfuko mzima wa urea, au zaidi ya nusu, kwa kuwa mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23 tu. Mchungwa uliotunzwa huzaa miaka 30 na kupita, na shamba linalotoa malori kwa muda wote huo pasipo kurudishiwa kitu halina njia ya kubaki na siha lililoanza nayo.

Jawabu la zama zetu kwa jambo hili ni mfuko. Mwaka 2006 mkutano wa Abuja uliweka azma kwamba matumizi ya mbolea ya viwandani barani Afrika yapande kutoka wastani wa kilo 8 kwa hekta hadi kilo 50 itakapofika 2015, azma ambayo nchi nyingi hazikuifikia. Na mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipokuwa vimezidi kuipandisha bei ya mbolea duniani, serikali ya Tanzania ilianza, katika msimu wa 2022/23, kuwalipia wakulima waliojiandikisha sehemu ya bei hiyo. Sina ugomvi na ruzuku, wala simo katika kundi la wanaonena kwamba mbolea ya chumvichumvi ni sumu, maana naitrojeni ya kiwandani na naitrojeni ya zizini zikisha kugeuka nitreti ndani ya udongo, mzizi hauna namna ya kuzipambanua. Rai yangu ni hii: katika mashamba ya matunda ya pwani yetu na nyuma ya pwani, mfuko usiotanguliwa na samadi au mboji hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kabla mti haujaonja, na kwa hiyo serikali inayolipia mfuko ina wajibu uleule wa kulipia gari la samadi, tena kwa faida zaidi, kwani gari hilo likisha kupita mkulima atatosheka na mifuko michache.

Anayetaka kuuona ushahidi wa maneno haya kwa macho yake na apande kutoka Muheza mjini hadi Amani, penye msitu wa Usambara Mashariki. Wajerumani walipofika huko miaka ya 1890 waliutazama msitu ule, miti yake iliyokwenda juu pasipo kikomo na kivuli chake kisichopenywa na jua, wakahukumu kwamba udongo uliozaa ukuu kama huo hauna budi kuwa na rutuba maridhawa, wakafyeka, wakapanda kahawa. Na haikupita miaka mingi kahawa ile ikadhoofu mikononi mwao. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, wadudu wakiwemo, lakini iliyo kubwa ilikuwa chini ya miguu yao. Udongo ule mwekundu ni mkongwe; umeoshwa na mvua kwa dahari na dahari hata chumvi zake zikaenda na maji, na utajiri wote wa msitu ulikuwa katika majani yaliyodondoka yakaoza, kisha yakanyonywa tena na mizizi kabla hayajapata wasaa wa kuzama. Kuyaondoa majani ndiko kulikokuwa kuuondoa utajiri wenyewe. Taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe iliasisiwa hapo Amani mwaka 1902, yaani baada ya gharama kulipwa, na hiyo aghalabu ndiyo desturi ya taasisi za utafiti popote duniani.

Udongo wa mashamba ya michungwa yaliyo chini ya milima haufanani na wa Amani kwa kila hali, maana kuna mahali una kichanga kingi na mahali una mfinyanzi mzito, lakini sehemu kubwa ni jamaa yake kwa uzee. Mfinyanzi wa namna hiyo una uwezo mdogo wa kuzishika chumvi zinazolisha mimea, na kazi ambayo mfinyanzi haiwezi huiangukia mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyokwisha kuoza yakawa meusi na laini. Mboji ikipungua, nitreti iliyonunuliwa kwa fedha huteremka na maji ya masika hadi chini ya mizizi, isipatikane tena. Urea ikimwagwa juu ya ardhi yenye unyevu pasipo kufukiwa, sehemu yake hugeuka amonia ikapaa angani, na mtu aliyesimama karibu huitambua kwa pua. Fosforasi nayo hunaswa na chuma na alumini zilizojaa katika udongo mwekundu, ikakaa humo mti ukiihitaji na usiipate. Juu ya hayo yote, urea na salfeti ya amonia zikitumiwa mwaka baada ya mwaka huuzidisha uchachu wa udongo, na uchachu ukipita mpaka, yaani kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuzidhuru ncha za mizizi, hata ukauona mti umesimama katikati ya mbolea na majani yake manjano.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na ni kweli, lakini yule mchukuzi wa methali hakuwa mwenye mali. Mkulima wetu ni mchukuzi na mwenye mali kwa pamoja, na kila kinachovuja njiani alikwisha kukilipia dukani. Na ikiwa ruzuku imemlipia nusu, basi sisi walipa kodi tumeshirikiana naye katika hasara, jambo ambalo sijasikia likitajwa bungeni wakati wa kusomwa bajeti ya kilimo.

Hata hivyo uko upande wa pili, nao una israfu yake. Wako wanaoisifu samadi kana kwamba ikiwepo hiyo hapahitajiki kitu kingine, na watu hao huwapotosha wakulima kwa nia njema, maana hawafanyi hesabu. Tani moja ya samadi mbichi ya ng'ombe ina naitrojeni ya kilo 5 hivi, na katika hizo ni theluthi au pungufu inayopatikana kwa mti mwaka wa kwanza, iliyobaki ikitoka polepole miaka inayofuata. Hivyo ili kurudisha naitrojeni iliyoondoka na lori moja la machungwa yahitajika samadi ya tani tatu au zaidi, hata tukiihesabu naitrojeni yake yote, ya sasa na ya baadaye, na mwenye eka kadhaa za michungwa atahitaji zizi ambalo hana, kwa kuwa Muheza si nchi ya mifugo kama Handeni na Kilindi. Nchi ya Sri Lanka ililiona hili mbele ya ulimwengu wote: mwezi wa Aprili mwaka 2021 Rais Gotabaya Rajapaksa alitangaza kupiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani ili taifa zima ligeuke kwa mkupuo mmoja kuwa la kilimo hai, mavuno ya mpunga na chai yakaanguka, na kufika Novemba mwaka huohuo marufuku ile ilikuwa imekwisha kutenguliwa. Kosa halikuwa kuipenda mboji. Kosa lilikuwa kudhani kwamba udongo uliozoea kulishwa kwa mfuko miongo mingi waweza kuachishwa kwa amri iliyochapishwa katika gazeti la serikali.

Tena si kila kilichooza kinafaa. Vumbi la mbao na pumba za mpunga, ambazo wengi huzimimina shinani kwa kudhani wanatenda hisani, zina kaboni nyingi na naitrojeni haba, na vijidudu vinavyozila hulazimika kuitwaa naitrojeni ya udongo ili viweze kuishi, hata mti ukabaki na njaa kwa miezi kadhaa. Dawa yake ni kuchanganya na samadi au majani mabichi ya mbaazi, kunde na fiwi, mpaka kaboni iwe mara 25 au 30 ya naitrojeni, kisha kulirundika rundo lipate joto la nyuzi 55 na kuendelea, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vya maradhi. Samadi ya kuku ina nguvu kuliko ya ng'ombe, na ikitiwa mbichi huunguza. Na samadi iliyoachwa wazi mvuani msimu mzima, kama ifanyikavyo karibu kila nyumba yenye zizi, imekwisha kutoa naitrojeni yake kwa upepo na kwa mtaro wa jirani. Anayeinunua hununua rangi.

Kwa wale wanaodhani kwamba hoja ya kuchanganya viwili hivi ni maneno ya kupatanisha tu, kiko kituo cha Rothamsted nchini Uingereza, ambako tangu mwaka 1843 limekuwapo shamba la ngano lililogawanywa vipande, kingine kikipewa samadi kila mwaka, kingine mbolea za chumvichumvi, kingine kisipewe kitu. Aliyelianzisha, John Bennet Lawes, alikuwa na kiwanda chake mwenyewe cha mbolea ya fosfeti, na kwa hiyo ni insafu kumsifu kwamba aliiweka samadi shambani ishindane na bidhaa yake mwenyewe mbele ya macho ya watu. Kwa muda mrefu mavuno ya kipande cha samadi na ya kile cha chumvichumvi kilicholishwa vyema yalikwenda karibu sambamba, lakini udongo wa kipande cha samadi ulizidi kujaa mboji hata ukauacha mbali ule mwingine. Hali ya hewa ya Uingereza ni ya baridi na mboji huko hudumu. Kwetu, kwa joto na unyevu wa pwani, huliwa na vijidudu upesi mno, na kwa sababu hiyo kazi ya kuirudisha ardhini ni ya kila mwaka, wala haina siku ya kusema imekwisha.

Samadi hiyo itoke wapi, basi, ikiwa ng'ombe ni wachache? Jibu la Muheza liko katika mkonge. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai katika pwani ya Tanga ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalienea mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mbele ya nchi zote za dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000 za singa. Leo hatufikii nusu ya kiasi hicho, lakini korona, yaani mashine za kuchania mkonge, bado zinanguruma katika mkoa huo, na kila korona inapolichana jani, singa inayopatikana ni asilimia 4 hivi ya uzito wa jani lenyewe, yaliyosalia yakiwa makapi na maji yanayotoka nyuma ya mashine. Maana yake ni kwamba kila tani moja ya singa inayouzwa ng'ambo imeacha nyuma yake tani zaidi ya 20 za kitu ambacho kwa miaka mingi kiliachwa kioze katika marundo au kiteremke mitoni, na wanaokaa kando ya Mto Pangani na vijito vyake wanaijua harufu yake.

Makapi hayo yakiwa mabichi ni machachu, hayafai kutiwa shambani. Yakirundikwa miezi kadhaa yakageuzwageuzwa huwa mboji nzuri, tena yenye kalsiamu nyingi, kwa kuwa mkonge ni mlaji mkubwa wa madini hayo, na kalsiamu ndiyo hasa inayopungua katika udongo uliochachuka. Katika shamba la Hale, lililo katika barabara ileile ya malori ya machungwa, ulijengwa mwanzoni mwa karne hii mtambo wa kufanya umeme kwa gesi inayotokana na makapi hayo, na masalio ya mtambo wa namna hiyo ni mbolea. Na hapo hapo wilayani Muheza, Ngomeni, kiko kituo cha Mlingano, ambacho enzi za Waingereza kilikuwa cha utafiti wa mkonge na leo ndicho kituo cha taifa cha utafiti wa udongo. Kwa hiyo wilaya moja na jirani yake wana mti wenye njaa, wana chakula chake, na wana mganga mwenye vipimo, wote kando ya lami moja, na kilichokosekana katikati yao ni nauli.

Neno nauli silitumii kwa mzaha. Mboji ni nzito na thamani yake kwa kilo ni ndogo. Mkulima aliye Magoroto au Mkuzi anaweza kuupakia mfuko wa urea juu ya pikipiki, lakini naitrojeni ileile ikiwa katika umbo la mboji itahitaji gari la tani kadhaa na vijana wa kupakua, na gharama hiyo ndiyo inayomfanya achague mfuko, wala si ujinga kama wanavyodhani baadhi ya mabwana shamba. Ruzuku imeipunguza bei ya mfuko, ikaiachia mboji nauli yake yote. Imeufanya mfuko kuwa rahisi zaidi kuliko ulivyokuwa na mboji kuwa ghali zaidi kwa kulinganisha, na kwa njia hiyo serikali, pasipo kukusudia, imemlipa mkulima ili asitie samadi. Liko jaribio la kukaribisha viwili hivi: kiwanda cha Itracom huko Nala, Dodoma, chenye asili ya Burundi, huchanganya samadi na chumvi za madini katika mfuko mmoja, na nalipenda wazo hilo. Lakini samadi ikisafiri kutoka zizini kwenda Dodoma na kurudi Muheza imekwisha kuwa bidhaa ya kiwanda, yenye bei ya kiwanda, ilhali makapi yanayooza hapo jirani hayana mfuko wala nembo, na kwa hiyo hayana nafasi katika daftari la ruzuku.

Najua watakavyojibu wenye dhamana. Watasema mbolea ya kiwandani ina kipimo kinachojulikana, bali samadi haina. Kwamba mtu atapakia mchanga na maji akadai malipo ya mboji. Kwamba takataka za masoko zina plastiki na vioo. Hoja hizo zina uzito, na ya pili ina uzito kuliko zote, kwa sababu tumekwisha kuona mbolea za mifuko zikighushiwa licha ya kuwa na nembo na mihuri, seuze rundo lisilo na kifuniko. Lakini jawabu lake ni kupima, na kituo cha kupimia tunacho. Mlingano ipewe fedha za kupima kila rundo kubwa la mboji mkoani, unyevu wake, naitrojeni yake, potasi yake na uchachu wake, majibu yabandikwe mahali panaposomeka, na halmashauri ilipe nauli kwa kilo ya chakula cha mti kilichomo, isilipe kwa tani ya uzito, ili anayeleta maji alipwe sifuri. Udongo wa mkulima nao upimwe, angalau mara moja kwa miaka michache, maana asiyejua kilichomo ardhini hawezi kujua kipunguzwe nini: yuko anayemimina mchanganyiko wenye naitrojeni, fosforasi na potasi kwa kadiri moja, na shamba lake linalia kwa potasi pekee.

Na mboji ikifika, shughuli yenyewe haina ugumu. Hutiwa katika mfereji usio na kina kirefu chini ya mwisho wa kivuli cha matawi, ambako mizizi inyonyayo ni mingi, ikafunikwa udongo na kutandazwa majani makavu juu yake, na shina lenyewe liachwe wazi, kwa kuwa matandazo yenye unyevu yakiligusa gome la mchungwa huleta ugonjwa wa kuoza unaolitoa utomvu. Mwaka wa kwanza mfuko usiachwe. Upunguzwe kidogo na utiwe kwa mafungu madogo madogo, mvua ikiwa ya wastani, badala ya kumwagwa wote siku moja. Kiasi cha kupunguza mwaka wa pili na wa tatu kisemwe na majani ya mti na vipimo vya udongo, wala kisisemwe na muuza mbolea, ambaye hawezi kutarajiwa kulitetea pungufu la mauzo yake, wala na mwandishi wa gazeti.

Linabaki jambo la fedha za mkulima mwenyewe, na hapa ndipo penye uzito kuliko elimu yote ya naitrojeni. Wakulima wengi wa machungwa, wakibanwa na karo au maradhi, huuza matunda yakiwa bado machanga mtini, pengine maua, kwa bei anayoipanga dalali. Na mtu aliyeuza mavuno kabla ya kuyaona hana sababu ya kuulisha mti kwa ajili ya faida itakayokwenda kwa mwingine, wala hana fedha za kufanya hivyo hata akitaka. Kumwendea na semina ya mboji ni kumtania. Chama cha ushirika kikiwepo, na kiwe na daftari la kweli, kingeweza kuichukua mboji kwa mkopo na kukata malipo wakati wa kuuza, na mchango wa serikali ungekuwa ile nauli peke yake. Gari lenyewe litoke Januari na Februari, barabara za vumbi zikiwa kavu, na mboji ilale shambani kabla ya mvua ya kwanza ya masika. Likisubiri barua za idhini mpaka Aprili, kama lilivyo zoea la shughuli zetu, litanasa matopeni kabla ya kulifikia shamba la kwanza, na fungu lote la mwaka huo litakuwa limeliwa na mafuta.